Vitambaa Sita Chini ya Gari

"Jirani, hilo gari lenu linalia au linakojoa?"

Mshonaji wa nyumba ya pili aliniuliza hivyo asubuhi ya Jumatatu, ameuma pini tatu mdomoni, futi yake ya kupimia inaning'inia shingoni. Mimi nilikuwa natoka kumwaga maji ya vyombo. Nikamjibu kwamba gari la mtu mzima halikojoi ovyo. Akazitema pini kiganjani.

"Basi linalia," akasema. "Maana chini kumelowa, na mvua hatujaiona wiki ya tatu hii."

Nikainama kuangalia. Alisema kweli. Nyuma kidogo ya tairi la mbele, upande wa kulia, palikuwa na dimbwi la ukubwa wa sahani. Lilikuwa limetulia kabisa. Ndani yake niliona ukingo wa paa la banda, kipande cha anga, na kichwa changu kilichofungwa kitambaa, vyote vimepinduka kama vitu vilivyosahauliwa kisimani. Tone likaanguka, picha yote ikatikisika, kisha ikajirudi yenyewe. Nikangoja tone la pili. Sijui nilikaa pale muda gani. Kilichonishtua ni harufu ya maziwa yaliyofurika jikoni.

Gari lile lilikuwa la marehemu mume wangu. Lina mgongo mrefu, na zamani lilikuwa jeupe, sasa lina rangi ya jino la mzee. Kwa miaka kumi na tisa alilitumia kusambaza mikate madukani. Tangu afariki, miezi minane, lilikuwa halijatoka bandani. Lakini ukifungua mlango bado linanuka mkate. Si harufu kali, ni kama ya chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi na kreti begani. Kwa ajili hiyo sala yangu ya asubuhi nilikuwa nimeihamishia humo, kwenye kiti cha abiria. Nafunga mlango, naweka mikono mapajani, nasali. Kioo cha mbele kinapata ukungu wa pumzi zangu, na dunia ya nje inakuwa kama imefunikwa shuka. Mungu anisamehe, siku nyingine nilikuwa namaliza kusali nikabaki nimekaa tu, nasubiri mtu aje kuliwasha.

Nikishuka, nalinywesha gari maji yake. Kikombe kimoja cha bati, kile kile alichokitumia marehemu kila alfajiri kabla ya kwenda kupakia mikate. "Huyu mzee asipopata kikombe chake hatoki," alikuwa akisema, na mzee mwenyewe ni gari. Sikuwa na haja ya kuchungulia ndani wala kuinama chini. Lile tangi dogo la maji la plastiki lilikuwa limeshageuka rangi ya chai nzito, huoni kilichomo. Unafungua kifuniko, unamimina, unafunga, unashusha boneti, unaipiga makofi mawili. Pa, pa. Kama yeye.

Mwanangu wa kwanza ndiye aliyebaki nami nyumbani. Ni karani kwenye ghala la saruji, mtu wa maneno machache, na hata hayo machache anayapima kwanza. Jioni ile alisimama kando ya dimbwi na mkoba wake mkononi, akalitazama kama mtu anayesoma barua mbaya. Tulipokaa kula, akasema:

"Mama, lile gari mwisho wake umefika. Limeanza kuoza."

"Limelowa tu, baba."

"Kitu hakilowi chenyewe. Leo maji, kesho mafuta, keshokutwa moto. Nimeshaongea na yule bwana wa vyuma chakavu. Jumamosi anakuja na kamba, alivute."

"Alivute alipeleke wapi?"

"Akalikate."

Neno hilo alilisema akiitazama sahani yake. Mimi nikaona milango ile minne imelala uwanjani kwa mtu, kila mmoja peke yake, na harufu ya mkate inapanda hewani, inapotea. Nikaweka kijiko chini.

"Na nikikuonesha linapovujia?"

"Wewe, mama?"

"Mimi. Nimekuzaa, nikakulea, halafu nishindwe kutafuta tundu?"

Akakaribia kucheka, akajizuia. "Haya. Ukionesha tundu kabla ya Jumamosi, na likawa la kuzibika, gari linabaki. Usipoonesha, usije ukalia mbele ya watu."

"Silii. Nilishalia ya kutosha."

Jumanne nilianza na maboksi. Nikayakunjua, nikayatandaza chini ya gari, lakini maji yakianguka juu ya boksi yananyweka, yanakauka, halafu hujui kama ulichoona ni doa au ni macho yako. Mshonaji akanionea huruma. Akanipa vitambaa sita vyeupe vya mabaki, akavikata vikawa sawa, maana yeye hawezi kuona kona iliyopinda akalala salama. Nikaviandika namba kwa mkaa, moja mpaka sita. Viwili mbele, viwili katikati, viwili nyuma. Nikavibana kwa mawe kabla jua halijazama.

Asubuhi, nikishasali na kulinywesha gari, nilipiga magoti, nikavivuta kimoja kimoja. Vitano vilikuwa vikavu kama karatasi ya daftari. Namba mbili, cha mbele kulia, kilikuwa kimelowa chapachapa. Nikavianika vyote kwenye kamba kwa mpangilio wake, nivisome kwa nafasi. Upepo ukavijaza, vikawa vinapanda na kushuka taratibu, kama vinavuta pumzi.

"Jirani!" mshonaji akaita kutoka dirishani. "Watu wataniuliza nani kajifungua kwako."

"Waambie ni gari."

"Tutawaambia mtoto kafanana na nani?"

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na wasiwasi. Kama linavuja hivi, nikasema, basi ndani linakauka. Nikarudi na kikombe cha pili, nikamimina.

Mchana huo joto lilikuwa zito, usingizi ukanichukua kwenye kiti. Nikamwona marehemu yuko chini ya gari. Nilichokiona ni viatu vyake tu, soli zimejaa unga mweupe. Nikamuuliza, umepata? Mkono wake ukatoka, ukatulia hewani, nami nikadhani anataka maji, nikamnyoshea kile kikombe cha bati. Mkono ukakigusa, ukakirudisha kwangu polepole, kwa adabu, kama mgeni anayekataa kuongezwa. Nikamnyoshea tena. Ukakirudisha tena. Nilipoamka kiganja changu kilikuwa na baridi, kama kweli nilikuwa nimeshika bati.

Alasiri akaja Fundi Sikio. Tunamwita hivyo kwa sababu gari haligusi kabla hajaweka sikio lake juu ya injini, kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Yeye na marehemu walikuwa marafiki tangu ujana.

"Shemeji, hujambo? Nasikia mmezaa."

"Huyo mshonaji ana mdomo."

"Ana pini, mdomo ni wa ziada." Akaweka sikio, akafumba macho. Akaniambia niwashe. Gari likakohoa, likaamka. Akasikiliza muda mrefu, kisha akatandika gunia, akaingia chini. Viatu vyake vikabaki nje, nami nikaangalia pembeni.

Alipotoka aliomba vile vitambaa, akavinusa. "Kitambaa cheusi kingekuwa ni mafuta ya injini," akasema. "Chekundu, mafuta ya gia. Kikiwa na unjano unaoteleza, mafuta ya breki, na hapo ndipo ningekuzuia hata kukaa ndani. Lakini hiki chako ni maji." Akaminya mipira yote ya maji, akapapasa rejeta kila kona kwa vidole. Hakuna kilichopasuka. Mwisho akafungua tangi dogo, akamulika kwa tochi ya simu. Akanyamaza.

"Kuna nini?"

"Limejaa hadi mdomoni."

"Haiwezekani. Linavuja siku ya tatu."

"Ndiyo maana nimenyamaza. Miaka thelathini sijaona gari linalovuja na halipungui."

Nitasema ukweli wangu wote. Kwa muda mfupi, pale bandani, nilihisi nywele zinanisimama. Nilifikiri, labda Mungu ameniona. Labda kuna maji ambayo hayaishi, na yamewekwa kwenye gari la msambaza mikate. Jua lilikuwa limeingia kwa upande, vumbi linaelea ndani yake, na kila kitu kilionekana kama kinangoja kuambiwa neno.

Fundi Sikio akanitazama. "Shemeji, kuna mtu anaongeza maji humu?"

"Ni mimi tu. Kikombe cha kila asubuhi. Leo viwili, kwa sababu linavuja."

Alianza kucheka kwa mabega. Kisha kofia ikaanguka, akaiacha huko huko chini.

"Shemeji wangu! Marehemu alikuwa anazunguka maduka arobaini kwa siku. Gari linachemka, linakunywa, lazima liongezwe. Hili limelala miezi minane! Unamnywesha aliyelala!" Akanionesha kijibomba chembamba chini ya kifuniko. "Likishiba, hapa ndipo linapotemea. Maji yanashuka mpaka hapo kwenye namba mbili yako."

Uso uliniwaka moto. Na pale pale nikaona raha ya ajabu, kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta kwenye mkono wake mwenyewe. "Kwa hiyo tundu ni mimi."

"Tundu ni wewe. Tangu sasa usimimine hata tone. Kitambaa kikikauka, kesi imekwisha, mwambie mwanao." Kabla hajafunga, akachovya kidole ndani ya tangi, akakiangalia kwenye mwanga, akakunja uso kidogo. Hakusema alichokiona.

Alhamisi nilisali, nikashuka, nikapita mbele ya boneti mikono mitupu. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyodhani. Mkono wangu ulikuwa umeshakwenda kwenye kikombe. Kitambaa namba mbili kilikuwa na unyevu, na katikati palikuwa na duara la kijani hafifu, kijani cha jani linalochipua. Nikajiambia ni masalia. Ijumaa nikakivuta tena, nimekaa siku nzima sijamimina kitu. Kilikuwa kimelowa. Na ile kijani sasa ilikuwa imekolea, ina pindo lake, kama ramani ya kisiwa.

Nilikaa chini na kitambaa magotini. Mimi nilimimina maji ya bomba. Maji ya bomba hayana rangi. Basi kuna tundu la kweli, nikasema, na kesho ni Jumamosi.

Jioni hiyo nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Dirisha la jikoni linatazama banda. Nikamwona mwanangu anaingia getini, mkoba mkononi. Hakuja mlangoni. Alisimama, akatazama huku na huku, nami nikarudi nyuma ya pazia, sijui kwa nini. Akatoa kwenye mkoba chupa ndogo. Akainua boneti kwa vidole viwili, taratibu, isilie, jinsi baba yake alivyomfundisha alipokuwa bado anasimama juu ya kreti ili afike. Mwanga wa jioni ukapita kwenye ile chupa. Ilikuwa kijani.

Akamimina. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi nikasikia.

"Kunywa, mzee wangu."

Akafunga. Akapiga boneti makofi mawili. Pa, pa.

Vitunguu vilikuwepo, kwa hiyo alipoingia hakuniuliza habari ya macho yangu. Tulikula. Akaniuliza, "Tundu umelipata?"

"Bado naliangalia."

"Kesho ndiyo Jumamosi, mama."

"Siku nazijua."

Ningeweza kusema pale pale. Lakini nilimtazama mtu mzima yule, na kola yake yenye vumbi la saruji, na shingo yake ambayo ni shingo ya baba yake. Nikaona nikimwambia nimekuona, nitakuwa nimemvua nguo mbele yangu. Na kesho, kama nitasema mbele ya watu, ndiyo kabisa. Usiku katika sala sikuliombea gari. Niliomba nipewe mdomo uliofungwa.

Bwana wa vyuma chakavu alikuja saa tatu asubuhi. Nilitarajia mtu mwenye kelele. Alikuwa mrefu, mpole, kamba nene imezunguka bega lake, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikampa maji kwenye glasi. Mwanangu akaweka ufunguo wa gari juu ya meza, karibu na glasi ya mgeni. Fundi Sikio alikuwa ameshakaa, nilimwita mwenyewe. Na mshonaji akaingia akidai amefuata vitambaa vyake, akajichagulia kiti cha kuona vizuri.

"Haya, mama," mwanangu akasema. "Tundu liko wapi?"

Nikavitandaza vitambaa mezani, vyote sita kwa namba zake. Fundi Sikio akaweka kidole juu ya namba mbili.

"Gari halina tundu," akasema. "Nimelipapasa lote. Linatema kwa sababu linashibishwa. Shemeji alikuwa analinywesha maji, mwenyewe kakiri, na tangu Jumatano kaacha. Lakini hiki ni cha jana. Tazameni hii kijani. Hii ni kulanti, dawa ya rejeta. Marehemu hakuitia hata siku moja, niligombana naye miaka na miaka. Gari halijitengenezei rangi. Kuna mtu anamimina."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi msinitazame," mshonaji akasema. "Mimi hata baiskeli siijui inakunywa nini."

Hakuna aliyecheka. Neno lilikuwa juu ya ulimi wangu. Neno moja tu, na gari ni langu, makubaliano yalikuwa hayo. Nikainuka nikaanza kukusanya vikombe vya chai, kimoja ndani ya kingine, ili mikono ipate kazi na mdomo ubaki kama ulivyo.

Bwana wa vyuma akakohoa kidogo. "Samahani, mama. Nifunge kamba, au nisifunge?"

Mwanangu alikuwa anakitazama kile kitambaa. Alikitazama kama alivyolitazama dimbwi Jumatatu.

"Aliniambia," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Siku ile hospitalini, ulipotoka kwenda kuchukua shuka. Akaniambia, usimwache mzee akauke. Nikawa namimina. Kila jioni namimina, na asubuhi naona pamelowa. Nikanunua dawa, bado. Nikaona limeshindwa kushika maji, kama yeye alivyoshindwa kushika chochote zile siku za mwisho. Nikasema heri likatwe, nisiwe naliona." Akakigusa kitambaa kwa kidole. "Ni mimi, mama. Tundu ni mimi."

"Tuko wawili," nikasema.

Mshonaji akatoa pini kwenye gauni lake, akairudisha pale pale. Fundi Sikio akavuta kofia ikamfunika macho. "Halina ugonjwa," akasema kutoka chini ya kofia. "Linataka kutembezwa tu, lipate kiu."

Mwanangu akanyosha mkono, akauchukua ufunguo pale karibu na glasi ya mgeni. Akautia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Bwana wa vyuma akautazama mfuko. Akavitazama vitambaa sita mezani, kisha akanitazama mimi na vikombe vyangu. Akanywa maji yake mpaka chini, akaiweka glasi bila kuigonga meza. Akasimama, akaishusha kamba begani, akaanza kuikunja kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, mzunguko baada ya mzunguko, bila haraka, mpaka ikaisha. Akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka.